Uzoefu wa miaka mitatu wataupata wapi?



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, alinifuata kijana mmoja niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne hapa Tabora. Jina lake nalihifadhi. Ana shahada ya sayansi ya kompyuta aliyoipata kwa mkopo wa serikali na kwa ng'ombe wawili wa baba yake, na huu ni mwaka wa tatu tangu avae lile joho. Kwa sasa ana meza ya kutengeneza simu kwenye baraza ya duka la mjomba wake, Ng'ambo.

"Shikamoo ustadhi. Hebu soma hili," akaniambia, huku akinipa simu yake. Lilikuwa tangazo la kazi. Kampuni inatafuta msaidizi wa mifumo ya kompyuta, ngazi ya chini kabisa, kazi ya kuanzia maisha. Sifa za mwombaji: awe na shahada, na awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu.

"Sasa ustadhi, kama hii ndiyo ngazi ya kwanza, huo uzoefu wameuweka ngazi ya ngapi?"

Nilimjibu kwa maneno yale tuliyoyazoea: kuwa na subira, zidisha dua, usikate tamaa, jiajiri. Akasema inshaallah kwa adabu, akaondoka zake. Nilipofika nyumbani maneno yangu mwenyewe yakaanza kunikera, na ndiyo maana naandika makala haya.

Wapo wanaosema vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 ikapata maombi 135,027. Piga hesabu mwenyewe: kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 84. Huo ndio uchaguzi wa kazi tunaousema?

Kompyuta ilidhaniwa kuwa mlango wa kutokea katika msongamano huo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 na vyuo vingine vilipopanua masomo ya aina hiyo, wazazi tuliwaambia watoto: someni kompyuta, kila ofisi itawahitaji. Ni kweli kila ofisi inaitumia kompyuta. Lakini tutazame kazi yenyewe inavyokwenda. Programu kuu za mabenki mengi hununuliwa kutoka nje, kama Finacle na Flexcube zilizozaliwa India. Tawi la mkoani likipata hitilafu, fundi wa makao makuu anaingia kwa njia ya mtandao akiwa amekaa Dar es Salaam, anaitengeneza bila kuliona tawi. Kazi zile ndogo ndogo za kubadilisha nywila, kufunga waya, kusafisha virusi na kumfundisha karani namna ya kuchapisha ripoti, ambazo ndizo zilizomlea fundi wa kizazi kilichotangulia, zimepungua au zimebebeshwa mtu mmoja anayehudumia matawi mengi.

Na sasa imeingia akili mnemba, iliyosambaa duniani kote baada ya kutolewa kwa ChatGPT mwezi Novemba 2022. Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionesha kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, ikiwemo uandishi wa programu, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 nchini humo zilishuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na kazi nyingine, wakati wakongwe wa kazi hizo hizo hawakupata mtikisiko huo. Yaani mashine inafanya kazi ya mwanagenzi kwanza. Ikiwa huko nako ngazi ya chini inakatwa, kijana wa Ng'ambo asilaumiwe kwa kutoiona.

Mimi ni mwalimu wa dini, si wa historia. Lakini mtu akiishi Tabora historia humkuta barabarani, kwenye miembe mikongwe na kwenye njia ya Kwihara liliko tembe alilokaa Livingstone. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857 akafika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba, baada ya siku 134. Aliyoyaandika yana dharau nyingi kwa Mwafrika, lakini kuna jambo aliloliona ambalo linatuhusu. Anaeleza kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kijana aliyebaki nyumbani alichekwa kuwa kakaa kuatamia mayai. Na watoto wa miaka 6 au 7 walikuwa wakibeba begani pembe ndogo ya ndovu.

Hiyo pembe ndogo ndiyo iliyonifanya niende kuvitafuta tena vitabu hivyo. Mzigo wa pagazi kamili ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Hakuna aliyemwambia mtoto aulete ushahidi kwamba amewahi kubeba frasila mbili mpaka pwani ndipo aruhusiwe kuungana na msafara. Alipewa pembe ya kadiri yake, akatembea nyuma ya wakubwa, akajifunza maji yako wapi na namna ya kufunga mzigo. Akirudia safari mara nyingi aliweza kufika daraja la kirangozi, yule anayetangulia mbele na bendera.

Hata Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora na kuoa kwa mtemi Fundikira, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alianza safari za karibu za kununua sandarusi akiwa na miaka 12, pamoja na kaka yake na wajomba zake, na kwa kuwa alikuwa kijana alichukua mizigo midogo. Biashara yake ya watumwa siitetei, na wala sisemi turudi kuwabebesha watoto. Burton mwenyewe anasema wengine miundi ilipinda. Ninachosema ni kwamba msafara ule, pamoja na maovu yake, ulijua kuwa mzoefu hutengenezwa, na ulitenga mzigo kwa ajili ya kumtengenezea.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na upagazi wa masafa marefu ukafa. Lakini reli nayo ilihitaji vijana wa kuanzia, ikawa na chuo chake cha mafunzo hapa hapa mjini. Sasa inajengwa reli ya kisasa; mikataba ya vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kati ya Desemba 2021 na Desemba 2022. Treni za umeme huongozwa kwa kompyuta. Wazee wa mji huu tungepaswa kuwa tumeshauliza: humo ndani pembe ndogo ya vijana wetu iko wapi?

Turudi kwenye darasa letu. Katika Surat al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala mtu anayemjua. Aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili, kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mwenye kufaa zaidi kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hizo ndizo sifa mbili zilizotajwa, na ushahidi wake ulikuwa ni kazi moja aliyoonekana akiifanya kisimani. Musa alikulia katika jumba la Firauni. Uchungaji kwake ulikuwa mgeni. Akapewa mkataba wa miaka minane, na akipenda akamilishe kumi. Uzoefu aliupata ndani ya ajira, hakutakiwa aje nao.

Ipo pia hadithi ya shoka, iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas (r.a.). Wanazuoni wameijadili sanad yake, lakini ni maarufu sana mimbarini, hasa tunapotaka kuwaambia vijana wajiajiri. Mtu wa Kiansari alikuja kuomba, Mtume (s.a.w.) akamwambia akakate kuni. Hapo ndipo wengi wetu huishia. Tunaruka kwamba Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwanza ana nini nyumbani, akavinadi vitu vyake viwili, nguo na bakuli, mbele ya Maswahaba mpaka vikapata dirham mbili. Dirham moja ikawa ya chakula cha familia, nyingine ya kununua shoka. Kisha akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, na akampangia siku 15 ndipo arudi. Chakula, mtaji, chombo, soko la kuni na siku ya kutoa taarifa. Sisi tunasema "jiajiri" na mpini hatujautia.

Sasa niseme la kwangu, maana nisiposema nitakuwa mnafiki. Mwaka juzi shule ninayofundisha ilihitaji programu ya kutunza matokeo na ada. Kamati, mimi nikiwa katibu wake, ilimwita kijana huyu huyu. Alifanya kazi miezi miwili, mara nyingine mpaka usiku umeme ukirudi. Programu inafanya kazi mpaka leo. Tulimwambia ni fi sabilillah, malipo yako kwa Allah. Baadaye akaomba barua tu, ya kuthibitisha kwamba aliifanya kazi ile. Akaambiwa yeye hakuwa mwajiriwa, hivyo hawezi kuandikiwa barua ya utumishi. Nilikuwepo katika kikao hicho, nikanyamaza.

Tunawafundisha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Kujitolea ni uamuzi wa mwenye jasho. Anayenufaika hana haki ya kumwamulia mwenzake sadaka. Na ile barua ingekuwa ndiyo uzoefu wake wa kwanza wa kuandikwa.

Pembe ndogo zipo katika mikono yetu. Misikiti ina hesabu za michango zinazoandikwa kwenye daftari zilizochanika. Vyama vya msingi vya tumbaku vina kumbukumbu za mizani ambazo mkulima hawezi kuzihakiki. Wafanyabiashara wa asali na nguo wanaibiwa stoo hawajui. Kila mmoja angeweza kumchukua kijana mmoja kwa miezi mitatu, kwa posho inayojulikana, kazi iliyoandikwa na barua mwishoni. Serikali inao mpango wa utarajali, lakini mpango huo hauwezi kumpeleka mtarajali mahali ambapo hakuna mwenye ofisi aliyekubali kumpokea.

Vijana nao wasije mikono mitupu. Wapo wanaoomba kazi ya kuandika programu na hawajawahi kumaliza hata moja. Lakini huyu ninayemzungumzia alimaliza, na sisi ndio tuliomfichia ushahidi.

Kamati inakaa Jumamosi hii baada ya Adhuhuri. Nimeomba ajenda mbili: ujira wa miezi ile miwili, na barua. Kiasi nimemwachia akitaje mwenyewe, na akaahidi kunitumia kwa ujumbe wa simu. Mpaka namaliza kuandika bado hajatuma. Nadhani anaona haya kumdai mwalimu wake.