Kila Starehe na Saa Yake: Mafunzo Niliyopata Kwenye Impeshyi ya Nyakabanda

Nyakabanda, mtaa wetu wa Kigali, hakuna tambarare. Nyumba zimepandana ubavuni mwa mlima Kigali, Nyamirambo iko pembeni yetu, Kimisagara iko chini bondeni, na anayetoka mlangoni ama anapanda ama anashuka. Baada ya Uviko kalenda ya shule ilibadilishwa, mwaka wa masomo ukawa unafunguliwa Septemba, kwa hiyo likizo ndefu ya watoto sasa inaangukia impeshyi, kile kiangazi kirefu kinachoanza Juni. Mvua hakuna, vumbi linaingia hadi kabatini, na watoto watatu wanaamka na swali lilelile: "Mama, leo tunaenda wapi?"

Gari hatuna. Hoteli za ufukweni kule Ziwa Kivu tunaziona kwenye simu za watu. Tumejifunza kutembea kwa kufuata saa, maana mahali panapopendeza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano unapakimbia.

1. Mlima upandwe kabla jua halijawa kali

Kigali jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, haliyumbishi mzazi. Sisi tunatoka wakati huo, tumboni mkiwa na uji tu. Njia ya kupanda mlima Kigali ni ya udongo mwekundu, na kwenye impeshyi unga wake unakuwa laini kiasi kwamba kila soli inaacha picha yake. Watoto wanainama kusoma nyayo: huyu alivaa ndala, huyu alikuwa anakimbia, hapa amepita mbuzi na mtoto wake, hapa mtu amesukuma baiskeli. Wanaweza kupoteza nusu saa hapo, na mimi siwaharakishi. Kupanda kwenyewe kunakuwa kwepesi wasipojua kwamba wanapanda.

Kilele kiko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Katikati ya miti kuna sehemu unayoweza kuona mji upande mmoja, na upande wa pili bonde la Nyabarongo, mto wa rangi ya chai ya maziwa. Niliwaeleza kwamba maji yale yanakwenda kuwa Akagera, yanaingia Ziwa Viktoria, yanatoka na Nile na kufika Misri. "Yanafika lini?" akauliza kitinda mimba wangu. Nikamwambia akamuulize baba yake.

Huko juu pia kuna Fazenda Sengha, mahali pa kupanda farasi. Kupanda farasi ni kwa malipo, na kwetu hiyo ni karamu ya kungojewa mwaka mzima. Siku nyingine tunawatazama tu, tunakula viazi vitamu vya jana na kushuka. Chupa za maji tunabeba za kujaza tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008, kwa hiyo wanangu hawajui mlima wenye mifuko iliyonasa kwenye vichaka, na nikiwasimulia kwamba iko nchi yenye mambo hayo wananitazama kama natunga.

2. Jumapili ya bila magari ni ya wanaoamka

Car Free Day ilianza Kigali Mei 2016, na sasa inafanyika mara mbili kwa mwezi. Asubuhi barabara kubwa zinafungwa, watu wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanajipanga kwa mazoezi ya viungo huku muziki ukipigwa kwa spika. Mtoto aliyezoea kushikwa mkono pembeni ya barabara akipewa lami nzima, hajui afanye nini nayo. Wangu wa katikati alilala chali katikati ya mistari akatazama mbingu.

Anayefaidi kuliko sote ni Bibi, mama mkwe wangu. Hakimbii. Anakwenda kwenye mahema ya wahudumu wa afya ambako wanapima shinikizo la damu na sukari bila malipo, anapanga foleni na wazee wenzake, wanapeana habari za wiki mbili, anarudi na karatasi yake. Kwake hayo ni matembezi kamili. Ukichelewa hadi saa nne magari yanaanza kurudi, na kilichobaki ni jasho.

3. Usishindane na umuganda

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tangu saa mbili hadi saa tano, nchi nzima inafanya kazi ya jamii. Maduka yamefungwa, mabasi yamesimama, na sheria inamtaka kila mwenye miaka 18 hadi 65 ashiriki. Wanaopanga safari siku hiyo wanaishia kununa. Sisi tunakwenda na watoto kwenye mitaro: impeshyi ndiyo wakati wa kuizibua kabla ya mvua za Septemba, maana maji ya mteremko wetu hayana huruma na nyumba ya mtu. Watoto wanaokota, wanachafuka, wanarushiana vumbi. Kisha unafuata mkutano wa mudugudu, yaani wa kitongoji, ambao wanaona hauishi. Ukiisha, watoto wa majirani wote wako nje mahali pamoja na mpira umeshapatikana, na mzazi hana haja ya kupanga lolote hadi jioni.

4. Biryogo ni ya kati ya Alasiri na Magharibi

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapopenda zaidi.

Biryogo ni Kigali ya Waswahili wa zamani. Msikiti wa Al-Fatah umekuwepo tangu 1913, na Kiswahili kimekuwa cha barazani na sokoni muda wote huo. Mwaka 2017 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, redio ilipotangaza, Bibi aliyezaliwa hapo alisema serikali imechelewa kufika, ila karibu.

Wakati wa Uviko mtaa mmoja wa Biryogo ulifungiwa magari ili migahawa itoe meza nje. Barabara ikapakwa rangi, na meza hazikurudi ndani tena. Tunashuka kwa miguu, tukifika kama saa kumi na moja. Baada ya Magharibi vijana wanajaa, muziki unapanda, kiti hakipatikani. Kabla ya hapo jua linakuwa limepungua ukali, wazee wametoka kuswali Alasiri, na mhudumu ana muda wa kumsikiliza mtoto.

Tunaagiza chai ya mukaru. Inakuja kwenye glasi, nyekundu nzito isiyo na maziwa, tangawizi iliyopondwa imetulia chini na kipande cha limau kinaelea juu. Kitu cha kwanza watoto wanachofanya ni kukibonyeza kile kipande kwa kijiko na kutazama chai ikipauka. Kisha wanagombea nani atakinyonya. Chapati inachanwa, haikatwi, na anayechana hapewi nafasi ya kuchagua kipande. Hiyo ni sheria ya Bibi, na imemaliza ugomvi mwingi kuliko mimi na baba yao tukiungana.

Kwa bei ya glasi kadhaa na chapati tunakaa saa nzima. Wanaopita wanasimama kusalimia: "Mama, watoto wamekua!" Mzee mmoja muuza kofia humwita kifungua mimba wangu "mkwe" tangu akiwa wa kubebwa, na binti sasa amefika umri wa kuona haya, anajificha nyuma ya glasi. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo tunapanda basi, kadi ya Tap&Go ikigongwa kwa kila kichwa. Kitinda mimba ndiye mgongaji. Ukimnyang'anya kazi hiyo umeiharibu jioni.

5. Gikondo siku ya kazi, pesa mkononi mwa mwenyewe

Kila mwaka kati ya Julai na Agosti kuna maonyesho makubwa ya biashara, watu wanayaita Ekspo tu, katika viwanja vya Gikondo. Wikendi ni msongamano wa kukanyagana. Jumanne asubuhi unaweza kusimama mbele ya banda la Wamisri wa mazulia au la Watanzania wa vitenge bila kusukumwa mgongoni.

Nilichojifunza ni kumpa kila mtoto elfu mbili zake mlangoni na kunyamaza. Kifungua mimba alizunguka mabanda yote akauliza bei za kila kitu, akarudi na pesa zake nyumbani. Wa katikati alimaliza zake kwenye bembea kabla hatujavuka safu ya kwanza. Wa mwisho alinunua kipangaboi cha plastiki kikavunjika langoni, akakisikitikia hadi Nyamirambo bila kuniomba kingine, kwa kuwa pesa ilikuwa yake.

6. Harusi za watu nazo ni matembezi

Kipindi cha Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, kinachoanza tarehe 7 Aprili kinaishia Julai. Nchi inakuwa imeinamisha kichwa, na kisha harusi zinafumuka. Jumamosi za impeshyi kuna hema kila kona, magari yana maua, na wacheza ngoma wanabadilishia nguo nyuma ya ukuta wa jirani. Hatuingii tusipoalikwa. Lakini kusimama barabarani kutazama mavazi ya mishanana yakipita na kukadiria nani ni shangazi wa bwana harusi, hilo halijawahi kukatazwa na mtu.

7. Dunia ikija mlangoni, fika kabla yake

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika. Shule za mji zilifungwa wiki nzima, tarehe 21 hadi 28, yaani likizo ilirudi ikiwa ndiyo kwanza imeisha. Siku ya mwisho wanaume walikwenda kilomita 267.5, na njia yao ilipita mlima Kigali wetu, kisha ikapanda Kwa Mutwe, ule mwinuko wa mawe ulio kama ukuta, unaotoka Kimisagara kuja Nyamirambo. Ni mita 400 hivi tu. Mama anayetoka sokoni na kapu kichwani anaupanda akipumzika kila baada ya nguzo.

Tulichukua nafasi hapo asubuhi kabla umati haujaziba. Tulikuwa na mandazi, mwavuli wa Bibi na kigoda chake. Kwa masaa tulitazama polisi, wauza bendera, na watu waliopanda juu ya paa na juu ya miti. Wanariadha wenyewe walipita kwa muda usiofika wa kumenya ndizi, na nilidhani watoto watalalamika. Hawakulalamika hata kidogo. Wa katikati alikuwa amesikia kupumua kwao. "Mama, wanahema kama mimi!" Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa ameshambulia kwenye mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na baadaye akawaacha hata waliomfuata, akashinda peke yake. Waliomaliza mbio zile walikuwa 30 tu kati ya 165. Mlima ambao wanangu wanaupanda na viazi vitamu mkononi uliwashinda wakali wengi wa dunia, na tangu siku hiyo hawauongelei tena bila kutamba.

Sasa matembezi ya Kwa Mutwe yamekuwa mashindano. Baba yao anasimama chini na simu, mimi juu na chupa ya maji, wanapanda mmoja mmoja kwa miguu, na muda unaandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni. Rekodi iko kwa wa katikati. Kifungua mimba anadai siku ile alivaa sandali na amekata rufaa. Bibi ameuliza kama kuna kundi la wazee, na kama kigoda kinaruhusiwa.