Somo la Ufundi: Waya Inayochaji Simu Lakini Haihamishi Picha



Katika karatasi hii tumezoea kukuletea habari za maji, za chanjo na za siku za mgao. Leo tutajifunza habari ya kitu kidogo sana, waya ya simu. Tafadhali usiipite. Wengi wetu tulikimbia na mfuko mmoja mkononi. Karatasi ziliungua au zilibaki nyumbani, na siku hizi kumbukumbu zetu zimo ndani ya simu: picha ya cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtoto ya darasa la saba, hati ya shamba, sura ya marehemu. Simu ikifa kabla vitu hivyo havijahamishwa kwenye kompyuta, mara nyingi ndiyo basi.

Kwanza niungame kosa langu. Mwaka jana mzee mmoja wa klasta ya jirani alikuja kwenye chumba chetu cha jamii na simu yenye ufa kwenye kioo. Alitaka picha za vyeti vya watoto wake ziwekwe kwenye kompyuta, zichapwe. Nilichomeka simu kwa waya yake. Alama ya chaji ikatokea, lakini kompyuta haikuona kitu. Nikachomeka kwa waya yangu, hali ikawa ile ile. Nikamwambia, "Mzee, kompyuta hii ina ugonjwa, rudi wiki ijayo." Siku mbili nzima nilihangaika na kompyuta isiyo na kosa lolote. Mzee aliporudi, kioo cha simu kilikuwa kimezima kabisa. Simu ilikuwa inaita, lakini hatukuweza kuandika namba ya siri ili kuifungua, na simu iliyofungwa haitoi picha zake. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye nilichukua waya zile mbili nikazipasua kwa wembe, na hapo nikaona sababu.

KILICHOMO NDANI YA WAYA

Waya ya kawaida ya USB ina nyuzi nne ndani ya ganda lake. Kwa desturi uzi mwekundu huleta umeme wa volti 5, na mweusi huurudisha. Hizo mbili zinatosha kuchaji simu. Uzi wa kijani na mweupe ndizo hubeba habari, yaani picha, sauti na maandishi, kati ya simu na kompyuta. Waya zetu mbili zilikuwa na nyekundu na nyeusi tu. Aliyezitengeneza alibana gharama akaacha nusu ya nyuzi. Kwa nje hutaona tofauti yoyote. Kichwa ni kile kile, ganda ni lile lile, na simu inachaji vizuri.

Usidhani kila waya ya namna hii ni ya wizi. Nyingine zimetengenezwa makusudi kwa kuchaji tu, kwa ajili ya taa za sola na redio, nazo zinafaa kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba muuzaji hasemi, na mnunuzi haulizi.

SIMU HAIONEKANI KWENYE KOMPYUTA: ANZIA WAPI?

Usianze na kompyuta kama nilivyofanya mimi. Anza na simu yenyewe. Hakikisha ina chaji ya kutosha, maana tundu la kawaida la kompyuta la aina ya USB 2.0 hutoa nusu ampea tu, na simu iliyokufa kabisa itachukua muda mrefu kuamka hapo. Ichaji kwanza kwenye sola asubuhi, kisha uje.

Baada ya kuichomeka, fungua simu kwa namba yako ya siri na uiache wazi. Telezesha kidole kutoka juu kwenda chini. Utaona tangazo dogo linalosema kwamba simu inachaji kwa USB. Liguse. Hapo utapewa uchaguzi: kuchaji tu, au kuhamisha faili. Kama simu yako iko katika Kiingereza, maneno unayotafuta ni "File transfer". Yaguse, usubiri kidogo, na kompyuta itafungua simu yako kama kabati. Picha za kamera huwa ndani ya folda inayoitwa DCIM.

Watu wengi hukwama hapa. Tangu Android ya 6, iliyotoka mwaka 2015, simu nyingi zikichomekwa huanza na kuchaji tu mpaka mwenyewe aseme vingine. Wanaotumia iPhone huulizwa swali la namna hiyo hiyo: je, unaiamini kompyuta hii? Usipojibu ndiyo, hakuna kitakachopita.

Tangazo lisipotokea kabisa, hiyo ni dalili kubwa kwamba waya haina nyuzi za habari, au zimekatika. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Tafuta ile ambayo umeiona kwa macho yako ikihamisha picha kwenye simu nyingine. Sisi sasa tuna moja ya namna hiyo, tumeifunga utepe mwekundu, na haruhusiwi mtu kuondoka nayo. Ikiwa hata hiyo imeshindwa, jaribu tundu jingine la kompyuta. Halafu jaribu simu ya jirani kwa waya ile ile na tundu lile lile. Ya jirani ikionekana na yako haionekani, ugonjwa uko kwenye simu yako. Zote mbili zisipoonekana, hapo ndipo ushuku kompyuta. Izime, iwashe tena, na kama bado, huenda inahitaji draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuitambua simu.

Neno juu ya vumbi. Udongo wetu mwekundu huingia katika tundu la simu, ukishindiliwa na nyuzi za mfuko wa suruali. Waya haiingii mpaka mwisho, inachaji ukiishikilia kwa pembe fulani, na habari hazipiti. Zima simu. Chukua kijiti kikavu cha kuchokolea meno, cha mti, uchokoe taratibu pembeni. Usitumie sindano wala pini, kwa kuwa chuma kinaweza kuharibu au kuunganisha meno ya ndani. Nimeona simu nzima zikiuawa kwa pini ya nywele.

KUNUNUA WAYA BUSIA NA TORORO

Njia ya kule wengi tunaijua. Mimi ni mmoja wa watoto waliovuka mpaka mwezi wa Januari 2008, kufuatia ghasia za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Sisi tulipita Busia, wengine walipita Malaba, tukawekwa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo watu wakaletwa hapa Kiryandongo. Hata leo, wenye vibanda hapa kambini huagiza bidhaa ndogondogo kutoka mpakani, au ndugu akitoka safari ya huko huleta waya kumi za kuuza. Kwa hiyo waya mbaya ya Busia ni waya mbaya ya kwetu.

Wapo wanaosema waya za upande wa Kenya ni bora kuliko za upande wa Uganda. Mimi siamini. Zinatoka viwanda vya ng'ambo zote, na utaona rundo la namna moja pande zote mbili za kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018. Kwako mkimbizi, hasa uliyetoka Kenya, kuvuka bila hati kwa sababu ya waya ni kujitafutia mashaka. Nunua upande wa Uganda. Uliza pia bei ni ya shilingi gani, maana Busia fedha za nchi zote mbili hutembea pamoja, na "mia moja" ya Kenya ni pesa nyingi kuliko "mia moja" ya Uganda.

Usinunue kwa wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya basi pale Tororo. Si kwamba wote ni wadanganyifu, bali basi litaondoka kabla hujajaribu. Nenda kwenye duka la fundi wa simu lenye kompyuta. Mwambie muuzaji wazi, "Nataka waya ya kuhamisha data, si ya kuchaji peke yake." Kisha omba muichomeke kwenye simu yako na kompyuta yake, uone tangazo likitokea. Akikataa kujaribu, shukuru uende duka la pili. Jina kubwa lililochapwa kwenye kasha lisikutie moyo sana. Kuchapa jina ni rahisi kuliko kuweka shaba.

Habari ya shaba inahitaji maelezo. Umeme hupotea njiani katika uzi mwembamba. Waya nyingine huandikwa namba kwenye ganda, kama 28AWG au 24AWG. Hapo namba ndogo ndiyo uzi mnene. Katika waya ya mita moja yenye nyuzi za shaba za namba 28, simu ikivuta ampea 1, karibu nusu volti hupotea kabla ya kufika. Urefu ukiwa mita mbili, inapotea karibu volti moja kati ya zile tano, na simu hupunguza mwendo wa kuchaji au hukataa. Kwa namba 24 ya mita moja hupotea chini ya moja ya tano ya volti. Kwa hiyo chagua fupi na nene. Sisi tunaochaji kwa sola, jua likizama, tofauti hiyo ndiyo simu kujaa au kubaki nusu.

Nyingine ndani yake si shaba bali ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, uisogeze katikati ya waya, mbali na vichwa. Shaba haivutwi. Waya ikirukia sumaku, iache hapo dukani. Kagua pia shingo, pale waya inapoingia kwenye kichwa. Ikiwa laini na inayopinda kama mlenda, itakatika ndani ya miezi michache.

KUWA MWANGALIFU NA KOMPYUTA ZA WATU

Ile nyuzi inayohamisha picha zako inaweza pia kumpa mtu mwingine picha zako. Unapochaji kwenye kibanda na waya imechomekwa kwenye kompyuta, simu ikiuliza kama iruhusu, jibu hapana. Hapo ile waya mbovu ya nyuzi mbili inakuwa rafiki, kwa kuwa haina njia ya kupitisha kitu. Ukienda kuchapisha picha ya kitambulisho chako cha mkimbizi mjini, simama karibu mpaka kazi iishe, kisha mwombe mwenye kompyuta afute faili, na afute hata katika pipa la taka la kompyuta. Usione haya kuomba hivyo.

Kadi ya kumbukumbu nayo hubeba virusi kutoka kibanda hadi kibanda. Ukiona folda zako zimegeuka kuwa vijialama vidogo visivyofunguka, usifute chochote wala usikubali ifomatiwe. Mara nyingi picha zimefichwa tu, hazijapotea. Tuletee ilivyo.

Chumba cha jamii hufunguliwa kwa kazi hii siku za Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi. Wenye simu zilizopasuka kioo wataanza, hata kama wamefika mwisho kwenye foleni. Njoo na simu yenye chaji, namba yako ya siri kichwani, na waya zako zote, pamoja na zile unazodhani zimekufa. Hizo tutazipasua pamoja, tuhesabu nyuzi.