Nyaraka za AMCOS kwenye wingu: uliza kwanza zitatokaje

Kilo moja ya korosho ya Newala huandikwa mara nyingi kabla haijafika bandarini Mtwara. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, wanaipima na kumpa mkulima stakabadhi yake. Ghala kuu linapima tena na kutoa stakabadhi ya ghala. Mnada ukipita kuna orodha ya wanunuzi na bei, kisha hati ya kutolea mzigo, kisha orodha ya malipo ya kupeleka benki. Stakabadhi ghalani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, inaendeshwa na karatasi kuliko magunia. Na karatasi hizo zina wenyewe wengi. Newala na Tandahimba wako chini ya chama kikuu cha TANECU, Masasi na Nanyumbu chini ya chama kikuu cha MAMCU. Juu yao kuna Bodi ya Korosho, benki, na tangu msimu wa 2024/2025 minada inapita kwenye mfumo wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania.

Sasa akija mtu na kompyuta mpakato kukushauri uhamishie kabati lote la ofisi kwenye wingu, msikilize. Mchwa hawafiki huko, na paa likivuja masika daftari la wanachama halilowi. Ila swali lako la kwanza lisiwe bei ya mwezi. Muulize hivi: siku tukiamua kuondoka kwenye mfumo wako, nyaraka zetu zitatoka zikiwa na nini?

Wanaokumbuka msimu wa 2018 hawahitaji kuelezwa sana. Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki: huyu ni mkulima au ni mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo? Uhakiki wa namna hiyo ni kulinganisha daftari la huku na la kule, na jina lililoandikwa kwa namna mbili humchelewesha mwenye jina.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kununua chochote, na inaanza na namba. Majina kusini yanafanana mno. Fatuma Hamisi wa Kitangari na Fatma Hamis wa Mkunya wanaweza kuwa watu wawili au mmoja. Mpe kila mwanachama namba ya chama isiyobadilika, na pembeni yake weka namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Hapo jihadhari na Excel. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel ikiichukulia kuwa hesabu hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo. Tano za mwisho inazigeuza sifuri, mara nyingi bila onyo. Namba ya simu inayoanza na 0 nayo hupoteza sifuri yake. Dawa ni kuiweka safu nzima iwe maandishi kabla hujaingiza hata namba moja. Ukichelewa, kubadili safu baadaye hakurudishi kilichopotea, utarudi kwenye daftari la mkono.

Tarehe nazo. 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, kwa programu iliyopangwa Kimarekani ni Machi 4. Andika 2025-04-03 kila mahali. Huo ni utaratibu wa ISO 8601, na mifumo mingi inausoma bila kubahatisha.

Kwa mafaili yenyewe sina maneno mengi. Hati iliyokamilika na kusainiwa, kama muhtasari wa mkutano au mkataba wa ghala, iwe PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha ISO 19005 mwaka 2005 ili isomeke miaka mingi baadaye. Orodha ziwe CSV yenye herufi za UTF-8. Skana kwa dpi 300, nyeusi na nyeupe kwa karatasi za kawaida. Picha za simu ni nzito na zitakumalizia bando kabla hujafika nusu ya msimu mmoja.

Tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi mpaka uwaulize. Mwaka 2008 kampuni za IBM, Microsoft na EMC zilitangaza zinaandaa lugha moja ya mifumo ya nyaraka, ili programu ya kampuni moja iweze kufungua, kutafuta na kuhifadhi hati zilizo kwenye mfumo wa kampuni nyingine. Shirika la viwango la OASIS liliipitisha Mei 2010 kwa jina la CMIS, na toleo la 1.1 likafuata baadaye. CMIS haikupi mfumo. Inakubaliana tu juu ya vitendo: kuunda hati, kuiweka kwenye folda, kutunza matoleo yake ya zamani, kuitafuta, kusema nani anaruhusiwa kuiona. Toleo la 1.1 liliongeza njia nyepesi inayofaa vivinjari vya intaneti, na njia ya kuambatisha maelezo ya ziada kwenye hati ambayo tayari imo.

Maelezo hayo ndiyo roho ya jambo. PDF ya stakabadhi iliyotoka kwenye mfumo bila maelezo yake ni sawa na gunia lililofika ghala kuu bila alama ya AMCOS: korosho ni nzima, lakini haina mwenyewe. Kaeni karani, mhasibu na katibu, mkubaliane mambo machache ambayo kila hati lazima iyabebe: namba ya hati, aina yake, msimu, AMCOS, namba ya mwanachama, uzito, daraja, tarehe ya hati, aliyesaini. Mkizidisha sana makarani watajaza ovyo mwezi Novemba, foleni ikiwa imefika barabarani.

Kuna mitego miwili hapa. Katika CMIS, tarehe ya kuundwa kwa hati huwekwa na mfumo wenyewe, wala wewe huruhusiwi kuibadili. Ukihamisha stakabadhi za 2019 leo, mfumo mpya unaweza kuzionyesha zote kuwa zimezaliwa leo. Ndiyo sababu nimesema tarehe ya hati iwe na sehemu yake mliyoiunda nyinyi. Wa pili ni namba ya utambulisho ambayo mfumo unaipa kila hati. Hiyo ni mali ya mfumo, na mkihama inabadilika. Usiiandike kwenye daftari wala kwenye barua ya benki; andika namba yenu.

Si kila huduma ya wingu inazungumza CMIS, na sidhani ni kosa kubwa ikiwa haizungumzi. Baadhi zina njia zao. Lakini njia hiyo iwe imeandikwa wazi, mtaalamu mwingine yeyote aweze kuisoma na kuitumia bila kumpigia simu muuzaji. Akikujibu kwamba kutoa nyaraka ni kazi ya vijana wake peke yao, endelea kutafuta.

Jaribio lifanyike kabla ya saini. Chagua nyaraka mia, za aina mbalimbali, zikiwemo zenye matoleo mawili na zenye majina yenye utata. Ziingizeni kwenye mfumo wa muuzaji, kisha mwambie azitoe. Mwite kijana wa kompyuta ambaye si wake, azipandishe kwenye mfumo tofauti. Alfresco ina toleo la bure linalojua CMIS. Hesabu kama zimetimia mia. Fungua kumi bila kuchagua, uangalie namba za NIDA, tarehe na daraja. Mwambie kijana alinganishe alama za SHA-256 za mafaili kabla na baada, ili mjue hakuna lililobadilika njiani. Ruhusa za nani aone nini ndizo huvurugika zaidi, maana kila mfumo una ngazi zake. Hizo zipangeni upya kwa mkono.

Muulize pia seva ziko nchi gani. Daftari la wanachama ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi.

Yote haya yafanyeni baada ya minada kufungwa na kabla makarani hawajarudi kwenye mizani, si Oktoba. Kwenye mkataba andikeni: nyaraka na maelezo yake ni mali ya chama, zitatolewa ndani ya siku kadhaa mtakazozitaja, katika PDF/A na CSV, gharama ya kuzitoa imetajwa kwa shilingi. Kipengele hicho kisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu, siku ile ile wanachama wanapopitisha makisio, na kiingie kwenye muhtasari.