Baiskeli ya umeme ikigoma mlimani

Usikimbilie kuilaumu mota. Anza na betri. Ya volti 36 ikijaa husoma 42, lakini namba hiyo haikwambii kitu baiskeli ikiwa imeegeshwa. Isome katikati ya mwinuko, mita ya volti ikiwa imefungwa kwenye usukani. Ikiporomoka kutoka 40 hadi 32 na kupanda tena ukiachia akselereta, ama seli zimechoka ama umeme unabanwa njiani. Shuka hapo hapo, usogeze kidole taratibu kwenye plagi za waya mnene. Ile yenye moto ndiyo inayokula nguvu. Chomoa betri kwanza, ndipo uiunge plagi hiyo upya.

Kontrola nayo ina kikomo chake: ampea 15 kwa volti 36 ni wati 540, na sehemu hupotea kuwa joto. Mota ya kitovu isiyo na gia ndani huteseka zaidi ikienda polepole, kwa hiyo ingia mlimani na kasi, kisha isaidie kwa pedali.

Breki zinazokwaruza ringi na tairi lisilo na upepo? Kagua hayo pia.