SOMO LA SOKO: Habari inapovuma ghafla, nani analipa? Funzo la Mto Mara

Bei ya bidhaa huamuliwa na ugavi na mahitaji. Hilo ni somo la kwanza la biashara, na kila mchuuzi wa Iringo analijua hata kama hakulisoma darasani. Iko hata hivyo nguvu nyingine ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa ikitikisa masoko bila kupiga hodi, nayo ni habari inayovuma ghafla katika mitandao ya kijamii. Somo la wiki hii linaeleza jinsi nguvu hiyo inavyofanya kazi, kwa mfano uliotokea hapa hapa mkoani Mara.

Yaliyotokea Machi 2022

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Daraja la Kirumi, kwenye barabara ya Musoma kwenda Sirari, yaligeuka meusi na kutoa harufu mbaya. Samaki waliokufa walionekana wakielea. Picha na video zilisambaa kwa simu nchi nzima kwa muda mfupi. Serikali ilizuia matumizi ya maji ya mto huo na samaki wake, na kamati ya uchunguzi ikaundwa chini ya Profesa Samuel Manyele.

Baada ya takriban wiki moja kamati ilitoa taarifa yake. Ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika ardhi oevu, vitu ambavyo mvua ilivisomba na kuviingiza mtoni hadi oksijeni ikapungua majini. Zilitajwa tani milioni 1.8 za kinyesi cha ng'ombe zaidi ya 300,000. Wengi mitandaoni walilipokea jibu hilo kwa dhihaka. Kidole chao kilielekezwa kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Shaka hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2019 mgodi huo ulikuwa umetozwa na Serikali faini ya sh. bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la majitaka. Mwananchi aliyeikumbuka faini hiyo alikuwa na sababu ya kuuliza.

Mjadala ulivyobanwa

Hapa ndipo penye funzo. Mvumo wa ghafla hukuza sauti ya mjadala, na wakati huo huo huupunguza maswali. Kila aliyeandika aliuliza jambo moja: nani kaua samaki, ng'ombe au mgodi? Swali hilo lilikuwa halali na mvumo ulisaidia kulifikisha kwa wakubwa haraka, jambo ambalo barua za wanakijiji huchukua miezi kulifanya.

Lakini mchuuzi wa Musoma, Bunda au Butiama alikuwa na maswali mengine. Je, samaki wa ziwani, mbali na mlango wa mto, ni salama? Zuio linaishia wapi, na litaondolewa lini? Nani atampima samaki aliyeko sokoni? Maswali ya namna hii hayachekeshi wala hayakasirishi, na kwa hiyo hayasambazwi. Mitandao husukuma mbele kile kinachojibiwa na watu wengi.

Mnunuzi asiyejua hupunguza bei kwa wote

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, hutoa bei ya chini kwa yote. Samaki ni hivyo hivyo. Sato aliyevuliwa ziwa kuu na sato aliyetoka Kirumi wanafanana juu ya meza. Mwenye bidhaa safi anaadhibiwa pamoja na mwenye bidhaa ya mashaka.

Kanda ya Ziwa ililiona jambo hili kabla ya mitandao. Mwishoni mwa 1997 nchi za Ulaya zilizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mashirika ya FAO na WHO yalieleza kwamba zuio hilo halikuwa njia inayofaa, lakini liliendelea hadi katikati ya 1998. Tofauti ya leo ni mwendo. Hofu iliyosafiri kwa magazeti na redio sasa hufika kwa saa chache, kabla mizigo haijafika sokoni.

Hesabu ya mfano

Tuseme mchuuzi wa kwanza ameweka mtaji wote katika kilo 200 za sangara kwa sh. 7,000 kila kilo, yaani sh. 1,400,000, akitarajia kuuza kwa sh. 8,000. Habari inavuma, bei inashuka hadi sh. 6,000. Anapata sh. 1,200,000, hasara ya sh. 200,000 kabla ya barafu na nauli. Mwenzake hununua kilo 50 kila siku. Siku hiyo anapoteza sh. 50,000, na kesho yake ananunua kwa bei mpya iliyoshuka au anapumzika. Kama fedha ya yule wa kwanza ni ya mkopo, marejesho hayasubiri mvumo upite.

Mambo ya kuzingatia

1. Soma amri yenyewe. Zuio la serikali hutaja mahali, bidhaa na muda. Uvumi hauna mipaka hiyo.

2. Weka kumbukumbu ya mwalo na tarehe ya ununuzi. Stakabadhi ndiyo inayomwezesha mnunuzi kutofautisha mzigo wako na wa mwingine.

3. Usiokote wala kununua samaki waliokutwa wakielea. Mwenye kuwauza huhatarisha afya za watu, na huipa hofu ukweli ambao haikuwa nao.

4. Usiweke mtaji wote katika shehena moja ya bidhaa inayoharibika.

5. Mwenye hisa naye ajiulize swali la namna hiyo: je, habari hii inabadilisha mapato ya kampuni, au inabadilisha mazungumzo tu?

6. Vyama vya wavuvi na wachuuzi viulize maswali ya soko mapema, kwa maandishi na kwa pamoja, na kudai majibu ya vipimo yabandikwe mialoni. Mwaka 2022 mjadala ulihamia kwenye mambo mengine baada ya muda, kama ilivyo kawaida ya mivumo. Mto bado unaingia ziwani karibu na Musoma, na anayeutegemea kwa riziki ndiye mwenye haja ya kuendelea kuuliza wengine wakinyamaza.