Kanieneo ya Oili Katika Injini Kuukuu

Mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika, aghalabu hutazama rangi, matairi na viti, kisha huwasha injini na kuusikiliza mngurumo wake kwa dakika mbili tatu. Injini ikinguruma vizuri, huridhika na kulipa. Baada ya majuma machache, akiwa safarini na injini ikiwa imekwisha kupata moto, taa ndogo nyekundu yenye picha ya birika la oili huanza kukonyeza kila gari lisimamapo. Taa hiyo yaweza kuwa na maana mbili zilizo mbalimbali sana. Huenda imeharibika swichi ya bei ndogo tu. Huenda pia injini nzima inahitaji kufanyiwa ovaholi, kwa fedha ambazo zingeweza kulipa karo ya watoto kwa miaka kadhaa. Aliyeidharau taa hupoteza injini, na aliyeogopa mno hufungua injini isiyo na ugonjwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukweli hupatikana kwa vipimo vichache, na kwa fizikia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Kanieneo hutoka wapi?

Neno kanieneo limeundwa kwa maneno kani na eneo, nalo lajieleza lenyewe: ni kani inayosukuma kila kizio cha eneo. Kipimo chake ni paskali, yaani nyutoni moja kwa mita mraba. Geji nyingi za magereji zimeandikwa kwa pauni kwa inchi mraba, ambapo pauni moja ni sawa na kilopaskali 6.9 hivi, au kwa baa, ambapo baa moja ni kilopaskali 100.

Oili hukaa katika bakuli lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Pampu huinyonya kupitia wavu, huisukuma katika filta, na kutoka hapo hupita katika vijia vilivyotobolewa ndani ya bloku hadi kwenye beringi za shafti kuu (krankishafti), beringi za konrodi na zile za kamshafti. Ikiisha kupenya pembeni mwa beringi hizo hudondoka tena katika sampu, na safari huanza upya.

Wengi hudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza kanieneo. Sivyo hasa. Pampu hutengeneza mtiririko. Kanieneo huzaliwa pale mtiririko huo unapozuiliwa. Amwagiliaye bustani kwa mpira huziba mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yaruke mbali, naye huisikia nguvu ya maji ikiongezeka chini ya kidole chake. Katika injini, kazi ya kidole hufanywa na uwazi mwembamba ulio kati ya shafti na beringi. Katika injini nzima uwazi huo kwa kawaida ni baina ya milimita 0.025 na 0.075, kiasi cha unene wa unywele wa binadamu au chini yake.

Kwa hiyo mambo matatu huamua kanieneo: kiasi cha oili kinacholetwa na pampu kwa kila dakika, mnato wa oili, na ukubwa wa uwazi. Kwa majimaji yanayopita katika uwazi mwembamba, uhusiano wake ni huu:

kanieneo hulingana na mnato × mtiririko ÷ (uwazi)³

Msomaji autazame vizuri uwazi, kwa kuwa umepandishwa kwenye kipeo cha tatu. Tuseme uwazi ulikuwa milimita 0.050, na kwa kulika ukawa milimita 0.063. Ongezeko ni milimita 0.013 tu, ambalo jicho haliwezi kuliona. Lakini 0.063 ÷ 0.050 ni 1.26, na 1.26 kwenye kipeo cha tatu ni 2. Mtiririko na mnato vikibaki vilevile, kanieneo itapungua hadi nusu. Uwazi ukifika milimita 0.100, kanieneo itabaki sehemu moja ya nane. Ni kweli kwamba katika injini halisi beringi zote haziliki kwa kiasi kimoja, na shafti haikai katikati ya beringi yake daima, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Hata hivyo inaeleza sababu ya injini iliyoonekana nzima kwa muda mrefu kudhoofika upesi mwishoni.

Mnato nao hubadilika sana kwa joto. Oili ya daraja la SAE 40 ikiwa katika nyuzi 100 za Selsiasi huwa na mnato wa takriban sehemu moja ya kumi tu ya ule iliokuwa nao katika nyuzi 40. Sasa twaweza kueleza kwa nini taa hukonyeza gari lisimamapo baada ya safari. Injini inapokwenda bila kukanyagwa mafuta, mwendo ambao mafundi huuita sailensa, pampu huzunguka polepole na kuleta oili kidogo. Na oili yenyewe imekwisha kuwa nyepesi kwa moto. Hapo ndipo injini iliyolika hujifichua.

Mafunzo ya kizibo

Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower wa Uingereza alikuwa akichunguza beringi za ekseli za magari ya moshi. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aitilie oili kwa huko. Shafti ilipozunguka ikiwa imechovya oili kwa chini, aliona oili inapanda na kutoka katika tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kipande cha mti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, ilipita pauni 200 kwa inchi mraba, ingawa mzigo uliokuwa juu ya beringi, ukigawanywa kwa eneo lake, ulikuwa pauni 100 tu. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hisabati: shafti inayozunguka huivuta oili katika uwazi unaozidi kuwa mwembamba, na oili iliyobanwa hivyo huiinua shafti isiguse beringi.

Funzo lake ni kubwa. Kinachoibeba shafti ni utando wa oili unaotengenezwa na mzunguko wa shafti yenyewe, wala si kanieneo ya pampu. Kazi ya pampu ni kuhakikisha kwamba oili ya kutengenezea utando huo haikosekani. Oili ikikosekana, chuma hugusana na chuma, msuguano huzaa joto, na beringi huyeyuka na kushikana na shafti. Hilo ndilo mafundi wanaloliita injini kunoki.

Utaratibu wa kuchunguza

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Taa ya oili haifanani na mawingu. Katika magari mengi swichi yake hufunga mkondo wa umeme pale tu kanieneo inaposhuka hadi kilopaskali 30 au 50 hivi. Ikiwaka, mvua imekwisha anza kunyesha. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni kusimama mahali salama na kuzima injini mara moja.

Pili, gari likiwa mahali tambarare, subiri dakika kadhaa ili oili ishuke, kisha uchomoe kijiti cha kupimia. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, pampu imekuwa ikinyonya hewa. Ikiwa juu mno kupita alama, shafti huipiga na kuifanya povu, na povu halina nguvu ya kubeba. Inuse vilevile: oili yenye harufu ya petroli imechanganyika nayo na mnato wake umepungua. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingiliwa na maji. Chanzo cha kasoro hizo lazima kitafutwe kwanza.

Tatu, chunguza umeme. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini: taa lazima iwake, kwa kuwa hakuna kanieneo. Kisha chomoa waya kwenye swichi ya oili iliyo ubavuni mwa injini: taa lazima izimike. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na kugusa bodi ya gari, wala oili haina kosa.

Nne, fungua swichi hiyo na ufunge mahali pake geji ya fundi. Hiki ndicho kipimo chenye kuaminika. Andika kanieneo mara tatu: injini ikiwa baridi katika sailensa, ikiwa moto katika sailensa, na ikiwa moto katika mizunguko 2000 kwa dakika. Geji ikikaribia sufuri, zima injini. Hakimu ni kitabu cha gari husika. Kikikosekana, mafundi wengi hukadiria kilopaskali 70 kwa kila mizunguko 1000.

Kusoma majibu

Vipimo vyote vikiwa vizuri, swichi ndiyo mbovu. Ibadilishwe, na safari iendelee.

Kanieneo ikiwa ndogo nyakati zote na isipande injini inapoongezwa mwendo, shuku vali ya kupunguzia kanieneo. Vali hii hufunguka ili oili isipasue filta. Uchafu ukiishika, au springi yake ikichoka, hubaki wazi na oili hurudi katika sampu bila kufanya kazi. Katika injini nyingi vali hiyo husafishwa bila kuifungua injini.

Geji ikianza vizuri kisha ikashuka na kuyumba mwendo unaposhikiliwa, na ikapona injini ikizimwa kwa muda, shuku wavu wa kunyonyea kwamba umezibwa na tope la oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa.

Kanieneo ikiwa nzuri kwa baridi lakini ikaanguka kwa moto, kwanza badilisha oili na filta kwa daraja lililoagizwa katika kitabu, kisha upime tena. Isipoongezeka, uwazi umekua, ama wa beringi ama wa gia za pampu. Hayo mawili hufanana kwenye geji, kwa kuwa yote ni uvujaji. Masikio na filta vitasaidia kuyatenganisha. Mgongo mzito kutoka chini ya injini inapobeba mzigo ni wa beringi. Kata filta ya zamani, uoshe karatasi yake na upitishe sumaku juu ya masalio: chembe zinazong'aa zisizovutwa na sumaku aghalabu ni za madini ya beringi, yaani shaba, risasi, bati au alumini. Baada ya hapo sampu hushushwa, na vipimo vya uwazi wa beringi na wa pampu hukata shauri.

Tahadhari kwa mnunuzi

Wako wauzaji wanaotia oili nzito kupita kiasi ili geji ipande. Kanuni yetu yaonyesha kwa nini hila hiyo hufaulu: mnato ukiongezeka, kanieneo nayo huongezeka, ingawa uwazi haukupungua hata kidogo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, oili hiyo huchelewa kufika kwenye beringi, na beringi huzidi kulika. Wengine huchomoa waya ili taa isiwake kamwe. Kwa hiyo mnunuzi adai kuikuta injini ikiwa baridi, na aiangalie taa kabla injini haijawashwa. Taa isiyowaka wakati huo inapaswa kumtia shaka kuliko iwakayo. Kisha aliendeshe gari mpaka lipate moto, na kabla ya kulipa ampeleke fundi mwenye geji. Ujira wa kipimo kimoja ni mdogo kuliko bei ya shafti.

Jaribio la darasani

Chukua chupa ya plastiki, toboa kitundu chini yake kwa msumari mwembamba, kisha uweke alama mbili ubavuni. Jaza mafuta ya kupikia yaliyopozwa kwa kuzamisha chombo chake katika maji baridi. Pima kwa saa muda wa mafuta kushuka kutoka alama ya juu hadi ya chini. Rudia kwa mafuta yaliyopashwa kwa kuzamisha chombo katika maji ya moto. Yasiwekwe motoni kamwe. Andika jotoridi na muda katika jedwali na uchore grafu. Halafu panua kitundu kidogo kwa msumari mnene zaidi, urudie vipimo vyote. Wanafunzi wataona kwa macho yao mambo mawili yanayoiua injini kuukuu: moto na uwazi.

Maswali

1. Uwazi wa beringi umeongezeka kutoka milimita 0.040 hadi 0.060. Ikiwa mtiririko na mnato havikubadilika, kanieneo imebaki sehemu gani ya ile ya mwanzo?

2. Gari fulani limepimwa hivi: baridi katika sailensa, kilopaskali 350, moto katika sailensa, 50, moto katika mizunguko 2000, 110. Baada ya kubadilisha oili na filta, vipimo viwili vya mwisho vimekuwa 55 na 120. Je, mwenye gari anunue swichi mpya? Eleza sababu za jibu lako, na utaje hatua inayofuata.

3. Fundi amechomoa waya wa swichi ya oili na taa haikuzimika. Chora mkondo wa umeme na uonyeshe mahali penye kosa.