Patholojia ya kinywa au tiba ya kinywa?

SWALI: Mimi ni daktari wa meno. Magonjwa ya kinywa yananivutia kuliko kuziba na kung'oa meno. Nikabobee katika patholojia ya kinywa au tiba ya kinywa?

JIBU: Daktari, jiulize kwanza unataka kushinda wapi. Mwanapatholojia hushinda maabara. Hupokea kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, hukisoma kwa hadubini, na ripoti yake ndiyo huelekeza matibabu. Limfoma ya taya za watoto, ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, hutibiwa kwa dawa za saratani; ameloblastoma, nayo ya taya, huhitaji upasuaji. Ripoti ikipotoka, mtoto anaweza kukatwa taya bure. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi hii.

Tiba ya kinywa hukuweka karibu na mgonjwa: vidonda visivyopona, ulimi unaowaka, mate yaliyokauka baada ya mionzi, fangasi kwa wanaoishi na VVU.

Muda hutofautiana. Marekani, patholojia huchukua angalau miezi 36 baada ya shahada ya udaktari wa meno, na tiba ya kinywa angalau 24. Hii ya pili ilitambuliwa rasmi huko kuwa ubingwa mwaka 2020 tu.

Ukipata chuo, uliza wanapokea sampuli nyingi kiasi gani na nani atakusimamia kwenye hadubini. Kisha liandikie baraza la taaluma la nchini kwako kuuliza kama litautambua ubingwa huo. Usilipe ada kabla ya kupata jibu lao kwa maandishi.